Kujitia Manukato kwa Afya na Adabu: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa

Tuchukue mfano wa foleni ya asubuhi katika kituo chochote cha afya cha Kinondoni, iwe Mwananyamala, Tandale au Kawe. Mama wa makamo amejifunga mtandio shingoni, na chini yake ngozi imebabuka na kuwa nyeusi. Karibu naye kijana mwenye pumu ameanza kukohoa tangu jirani yake wa benchi aketi, kwa kuwa jirani huyo amejipulizia marashi makali kabla ya kutoka nyumbani. Mwishoni mwa foleni yuko binti aliyejimwagia manukato mengi kuliko wote. Hana harusi anayokwenda, bali anaona haya kwa harufu ambayo haijaondoka kwa wiki tatu, na hajui amwambie nani.

Watu hawa watatu wana shida tatu tofauti, na manukato yamo katika zote. Kwa yule wa kwanza ni chanzo cha ugonjwa. Kwa wa pili ni kichochezi cha ugonjwa alionao. Kwa wa tatu ni pazia linalofunika ugonjwa unaotibika. Hata hivyo, katika masomo ya afya tunayowapa wagonjwa, jambo hili hutajwa kwa nadra. Somo hili limekusudiwa kuziba pengo hilo. Halikusudii kumkataza mtu kunukia. Linaeleza jinsi ya kunukia bila kujidhuru, bila kumdhuru jirani, na bila kuficha jambo ambalo mwili unajaribu kulisema.

Urithi wa harufu nzuri

Kwa watu wa mwambao, harufu nzuri ni sehemu ya unadhifu na heshima. Pepo za kaskazi zilileta majahazi yenye ubani wa kusini mwa Arabuni na Pembe ya Afrika, udi wa Asia ya Kusini-Mashariki, miski na marashi ya waridi. Bustani zetu nazo zilitoa asmini, mrehani, langilangi, viluwa na mkadi, na kwa maua hayo wanawake wakatunga vikuba vya kuvaa kifuani na kutandaza maua kitandani. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 na kueleza humo maisha ya majumba ya kifalme, manukato yakiwa sehemu ya maisha hayo ya kila siku.

Desturi hii ingali hai Dar es Salaam. Chetezo hufukuzwa moshi siku ya Ijumaa, mgeni wa heshima hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, bibi harusi husingwa kwa liwa na dalia. Pamoja na hayo imekuja biashara ya chupa: marashi ya kupulizia, uturi wa mafuta, dawa za kwapa, na pafyumu za kupima ambazo muuzaji humimina kutoka chupa kubwa kuingiza katika kichupa kidogo mbele ya mteja. Vitu vilivyokuwa vya sikukuu sasa ni vya kila siku, na huvaliwa ndani ya daladala, mwendokasi, ofisi na wodi. Ndiyo sababu elimu yake inahitajika zaidi leo kuliko zamani.

Kilichomo ndani ya chupa

Manukato ya kupulizia ni mchanganyiko wa spiriti, maji kidogo na viambata vya harufu. Spiriti ndiyo iliyo nyingi. Kazi yake ni kubeba harufu na kuyeyuka upesi. Chupa iliyoandikwa *eau de toilette* kwa kawaida huwa na viambata vya harufu kati ya sehemu 5 na 15 kwa 100, na iliyoandikwa *eau de parfum* huwa na takriban sehemu 15 hadi 20. Kadiri kiwango kinavyopanda ndivyo harufu inavyodumu, na ndivyo kiasi cha kujipulizia kinavyopaswa kupungua. Uturi wa mafuta hauna spiriti. Hukaa karibu na ngozi, haupepei mbali, na hudumu kwa saa nyingi. Lakini kwa kuwa ni mzito, mahali unapopakwa ngozi hupokea viambata vingi kwa pamoja.

Watu wengi huamini kwamba kitu cha asili hakidhuru. Imani hiyo si sahihi. Chukua karafuu yetu ya Unguja na Pemba: sehemu kubwa ya mafuta yake ni kiambata kiitwacho yujinoli, na yujinoli ni mojawapo ya viambata vinane vinavyotumiwa na madaktari wa ngozi katika mchanganyiko wa kupimia mzio wa manukato. Mdalasini nao umo katika orodha hiyo kupitia viambata vyake. Ngozi haiulizi kama kiambata kimetoka shambani au kiwandani.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005 watengenezaji wa vipodozi walilazimika kuandika kwenye lebo majina ya viambata 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio, na mwaka 2023 kanuni mpya ikaipanua orodha hiyo kupita 80. Hapa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Faida ya lebo kwa mgonjwa ni moja: akishapata mzio, lebo humwezesha kujua cha kuepuka. Pafyumu ya kupima iliyomiminwa katika kichupa kisicho na maandishi humnyima nafasi hiyo. Anayependa kununua kwa kipimo na amtake muuzaji amwoneshe chupa kubwa, kisha aandike jina lake au aipige picha lebo.

Jambo la mwisho kuhusu chupa ni umri wake. Baadhi ya viambata, kama vile linaloli na limonini, vikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka na kuwa vikali zaidi kwa ngozi kuliko vilivyokuwa mwanzo. Joto na mwanga huharakisha uharibifu wa manukato. Kwa hiyo usiweke chupa dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ifunge vizuri, iweke kabatini penye ubaridi, na itupe pale harufu au rangi inapobadilika. Kopo la kupuliza lenye gesi lisikae karibu na jiko wala kwenye gari lenye joto, kwa maana linaweza kupasuka.

Jasho na kazi ya maji

Kati ya Desemba na Machi, joto la mchana la Dar es Salaam hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu wa hewa hulizuia jasho kukauka. Jasho hilo lenyewe karibu halina harufu. Mwili una tezi za jasho za aina mbili kuu: zile zilizoenea mwili mzima, ambazo hutoa maji na chumvi ili kupoza mwili, na zile za kwapani na sehemu za siri, ambazo huanza kazi wakati wa kubalehe na kutoa jasho zito zaidi. Bakteria waishio juu ya ngozi hulivunja jasho hilo zito, na mabaki yake ndiyo hunuka. Ndiyo sababu mtoto mdogo hutokwa jasho siku nzima bila kunuka kikwapa, ilhali kaka yake wa miaka 14 ananuka kabla ya saa sita.

Kutokana na maelezo haya tunapata kanuni ya kwanza: manukato hayachukui nafasi ya maji na sabuni. Harufu nzuri ikipakwa juu ya jasho la jana haiifuti ile mbaya, bali huchanganyika nayo. Osha makwapa na mapaja kila siku, yakaushe, badilisha nguo ya ndani, na nguo iliyoloa jasho isirudiwe kabla ya kufuliwa. Vitambaa vya pamba huruhusu jasho kukauka kuliko vile vya nailoni na poliesta.

Dawa za kwapa nazo ni za namna mbili. Zipo zinazopunguza bakteria na kuongeza harufu nzuri, na zipo zenye chumvi za alumini ambazo huziba kwa muda vinyweleo vya jasho. Hizi za pili hufanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku juu ya ngozi kavu, wakati jasho ni kidogo. Shabu, ambayo wazee wetu wameipaka kwapani tangu zamani, nayo ina alumini. Usipake chochote kati ya hivi mara tu baada ya kunyoa; subiri hadi kesho yake, kwa kuwa wembe huacha michubuko midogo isiyoonekana. Mtu ambaye jasho la kwapa au viganja humtiririka hata akiwa ameketi kivulini asione haya kumwona daktari, kwani hali hiyo ina matibabu.

Wapi, kiasi gani, na lini

Baada ya kuoga na kukauka, jitie manukato kidogo. Kwa chupa ya kupulizia, mipulizo miwili au mitatu inatosha. Kwa uturi wa mafuta, tone moja. Mahali pa desturi ni pale mwili unapokuwa na joto: vifundo vya mikono na kifuani. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika ana njia bora zaidi, nayo ni kupulizia nguo badala ya mwili, au kupaka kwenye pindo la kanga au kola ya kanzu baada ya kujaribu mahali pasipoonekana ili kuepuka madoa.

Kipimo cha kiasi ni urefu wa mkono. Manukato yako yamfikie yule anayekupa mkono, yasimfikie yule aliyeketi siti ya nyuma ya daladala. Ugumu ni kwamba mwenye kujitia hawezi kupima mwenyewe. Pua huzoea harufu inayodumu, na baada ya dakika chache huacha kuitambua, ingawa wengine bado wanaisikia vilevile. Wengi hudhani yamekwisha, wakajiongezea, na wakarudia tena mchana. Wazee, watu wenye mafua sugu, na baadhi ya waliougua UVIKO-19 hupungukiwa na uwezo wa kunusa, kwa hiyo hujimwagia bila kujua. Dawa ya tatizo hili ni kumuuliza mtu wa nyumbani, na kukubali jibu lake.

Kuhusu jua, baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu na machungwa, hasa bergamoti, yana viambata vinavyoifanya ngozi iungue upesi inapopigwa na mwanga. Matokeo yake ni alama nyeusi zenye umbo la michirizi, mahali pale manukato yalipotiririka. Watengenezaji wengi wakubwa siku hizi huviondoa viambata hivyo, lakini mchanganyiko usio na lebo hauna dhamana hiyo. Anayekwenda kushinda juani, shambani, baharini au barabarani, asipake manukato kwenye shingo na mikono iliyo wazi. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao tayari haina kinga dhidi ya jua, jambo la kwanza asubuhi ni losheni ya kukinga jua isiyo na harufu, kofia pana na mikono mirefu. Manukato yapulizwe kwenye nguo tu.

Ngozi inapokataa

Manukato huidhuru ngozi kwa njia kuu mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza ni mwasho wa moja kwa moja. Spiriti au kiambata kikali huichoma ngozi ndani ya dakika au saa chache, hasa iliyochubuka au iliyonyolewa. Mtu yeyote anaweza kuupata, na huisha akiacha.

Ya pili ni mzio. Hapa kinga ya mwili hujifunza kukitambua kiambata fulani kama adui. Kujifunza huko huchukua muda, na ndiyo maana mgonjwa husema, “Daktari, manukato haya nimeyatumia miaka mitano, hayawezi kuwa ndiyo.” Yanaweza. Kinga ikishajifunza haisahau, na kila mgusano mpya huleta mwasho, vipele au malengelenge baada ya siku moja hadi tatu. Kuchelewa huku ndiko kunakoficha sababu: mtu hujitia Ijumaa, akawashwa Jumapili, akalaumu samaki aliokula Jumamosi.

Mahali pa kuangalia ni shingoni, nyuma ya masikio, kwenye vifundo vya mikono, kwapani na kwenye kope. Vitabu vingi vya tiba husema ngozi “huwa nyekundu”. Kwa mgonjwa wetu mwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama rangi ya zambarau au weusi uliozidi, na ugonjwa ukipoa huacha baka jeusi kwa miezi. Baka hilo ndilo humwingiza mgonjwa katika hatari ya pili. Akitaka kuliondoa hununua mkorogo wenye zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na ngozi iliyodhuriwa na marashi huharibiwa zaidi na dawa ya kujichubua. Mtoa huduma anayeona baka jeusi shingoni mwa mama wa makamo na aulize maswali mawili: “Unapaka nini hapo?” na “Umejaribu nini kuliondoa?”

Matibabu ya kwanza ni kuacha kila kitu chenye harufu, yaani manukato, sabuni, losheni na mafuta ya nywele, kwa majuma manne angalau. Tumia sabuni isiyo na harufu na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Krimu ya steroidi itumike kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa muda aliopanga. Pale ambapo chanzo hakijulikani, mtaalamu wa ngozi anaweza kufanya kipimo cha viraka: viambata hubandikwa mgongoni kwa saa 48, na majibu husomwa siku ya pili na tena siku ya nne. Nchi yetu imejaliwa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na maofisa tabibu wa ngozi waliofunzwa huko hutoa huduma katika mikoa mbalimbali.

Kwa anayetaka kujaribu manukato mapya nyumbani, njia rahisi ni hii: paka kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mahali palepale, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 14. Pakiwasha au kutoka vipele, acha. Mwenye pumu ya ngozi asifanye jaribio hili wakati ngozi imechachamaa.

Pumzi: pumu na moshi wa udi

Kwa mwenye pumu, njia za hewa ni nyepesi kusisimka. Harufu kali inaweza kuzifanya zibane hata kama mgonjwa hana mzio wa harufu hiyo. Dalili zake ni kikohozi kikavu, kifua kubana na mluzi wakati wa kutoa pumzi. Watu wenye kipandauso nao hutaja manukato miongoni mwa mambo yanayowaamshia maumivu.

Udi na ubani huongeza jambo jingine, nalo ni moshi. Moshi wowote wa kuunguza kitu una chembe ndogo zinazoingia ndani ya mapafu, na makaa ya chetezo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndugu zetu wa Omani, ambao tunashirikiana nao desturi hii, wamelichunguza suala hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoto wa shule wa Omani ulikuta kwamba kufukiza nyumbani kulikuwa kichochezi cha kawaida cha kubanwa kifua kwa watoto wenye pumu, ingawa haukuona kwamba kunaongeza idadi ya watoto wanaopata pumu. Maana yake kwetu ni ya busara: chetezo hakilaumiwi kwa kuleta pumu, lakini mwenye pumu asikae karibu nacho.

Basi mwenye kupenda udi na afanye hivi. Afukize nguo katika chumba kisicho na mtu, madirisha yakiwa wazi, aache moshi utoke, kisha aingie. Asifukize chumba anacholala mtoto mchanga, mjamzito, mzee mwenye maradhi ya kifua au mgonjwa wa pumu. Makaa yasiachwe ndani ya chumba kilichofungwa usiku. Mgonjwa wa pumu naye asitegemee adabu ya watu tu: atumie dawa zake za kinga kama alivyoelekezwa, na pampu ya kutuliza isimtoke mfukoni.

Harufu isiyopaswa kufunikwa

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo. Harufu mpya, isiyoondoka kwa kuoga, ni dalili kama zilivyo homa na maumivu. Kuifunika kwa manukato ni sawa na kuzima king'ora huku moto ukiendelea.

*Uke.* Uke wenye afya una harufu yake nyepesi, na hujisafisha wenyewe kwa msaada wa bakteria wema. Manukato, sabuni za harufu, mafusho na kujiosha kwa ndani huwaua bakteria hao na kuwapa nafasi wabaya. Harufu ya shombo ya samaki pamoja na ute mwembamba wa kijivu mara nyingi ni dalili ya kuvurugika kwa bakteria hao, hali ambayo hutibiwa kwa dawa za kawaida zilizopo vituoni. Isipotibiwa huongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI na, kwa mjamzito, wa kujifungua kabla ya wakati. Yule binti wa mwisho wa foleni angeweza kupona ndani ya juma moja. Nje ya uke paoshwe kwa maji. Ndani pasiwekwe kitu.

*Mkojo au haja inayovuja.* Mwanamke anayevuja mkojo au kinyesi bila kujizuia baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Wengi huishi kwa vitambaa, manukato na upweke, wakidhani ni mkosi. Fistula hutibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, hapa hapa Kinondoni, ni mojawapo ya vituo vinavyojulikana kwa tiba hiyo.

*Titi na vidonda.* Kidonda cha titi chenye harufu, au uvimbe uliopasuka, kisipakwe marashi wala kufungwa na kufichwa. Kinahitaji uchunguzi wa haraka.

*Pumzi.* Pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva mno, pamoja na kiu kali, kukojoa sana na kutapika, inaweza kuwa dalili ya kisukari kilichofikia hatua ya hatari. Hiyo ni dharura ya saa ileile.

*Pua ya mtoto.* Mtoto anayetokwa na usaha wenye harufu katika tundu moja tu la pua huenda ameingiza kitu humo: punje ya maharage, shanga au kipande cha sponji. Asisafishwe kwa marashi. Apelekwe kwa daktari akitolewe.

Watoto na nguo zao

Mtoto mchanga hahitaji manukato. Ngozi yake ni nyembamba, na mama humtambua kwa harufu yake mwenyewe. Asipakwe pafyumu, uturi wala poda yenye harufu kali, na kitovu kisiguswe na chochote kati ya hivi.

Hatari kubwa zaidi imo sandukuni. Familia nyingi huhifadhi nguo na mablanketi pamoja na vidonge vyeupe vya naftalini ili kufukuza nondo na kuzipa harufu. Katika mwambao wetu, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, mara nyingi bila kujua. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivalishwa nguo zilizokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi, akapata manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo. Nguo za mtoto zihifadhiwe bila naftalini. Mkunga anayemkuta mchanga mwenye macho ya manjano na aulize nguo zilihifadhiwa wapi.

Chupa za manukato ziwekwe mbali na watoto. Spiriti iliyomo, hata kidogo, inaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo na kumfanya alegee au kupata degedege. Akinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Yakimwingia machoni, muoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Manukato kazini, wodini na kliniki

Mtoa huduma wa afya huinama karibu na uso wa mgonjwa, na mgonjwa hana pa kukimbilia. Mjamzito wa miezi ya mwanzo hutapika kwa harufu ndogo. Anayepata dawa za saratani hali yake ni hiyo hiyo. Mwenye pumu tumekwisha kumtaja. Kwa sababu hiyo, siku ya zamu mtoa huduma aoge, avae sare safi, atumie dawa ya kwapa isiyo na harufu kali, na aache manukato nyumbani. Zaidi ya hayo, pua yake ni chombo cha uchunguzi, na pua iliyojaa marashi haiwezi kutambua harufu ya kidonda wala ya pumzi ya kisukari. Mgonjwa naye, pamoja na wanaokuja kumwona, wafuate adabu hiyohiyo.

Namna ya kulisema jambo hili ina uzito wake. Kumwambia mtu hadharani kwamba ananuka, vibaya au vizuri kupita kiasi, ni kumvunjia heshima, na huenda asirudi. Muuguzi kijana na amwite mama pembeni:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, marashi yako ni mazuri. Ila humu tunao wagonjwa wa kifua, yanawabana. Safari ijayo tunakuomba uje bila kujitia. Na je, mama, kuna lolote mwilini linalokusumbua ambalo ungependa tulizungumze faraghani?”

Swali lile la mwisho lisisahauliwe. Wapo watakaojibu “hapana” na kucheka. Yupo mmoja atakayenyamaza kidogo, atazame mlango kama umefungwa, kisha aanze kueleza.

Muhtasari na maswali ya kujipima

Oga kwanza, jitie baadaye. Jitie kidogo, yasipite urefu wa mkono. Chupa iwe na lebo, ikae penye ubaridi. Ngozi ikiwasha, acha vyote vyenye harufu. Moshi wa udi na pumu visikae chumba kimoja. Uke, mtoto mchanga na kidonda havitiwi manukato. Harufu mpya isiyoondoka ipelekwe kituoni.

1. Kwa nini mtu anaweza kupata mzio wa manukato aliyoyatumia kwa miaka bila tatizo?
2. Mgonjwa ana baka jeusi shingoni. Ni maswali gani mawili utamuuliza kwanza?
3. Taja harufu tatu za mwili zinazohitaji uchunguzi, na ugonjwa unaoweza kuwa nyuma ya kila moja.
4. Utamweleza nini mama mjamzito anayetayarisha sanduku la nguo za mtoto wake?